Watu wenu hawajachoka elimu: jibu kwa katibu wa kikundi cha matembezi, Kigoma

Swali: "Mimi ni katibu wa kikundi cha watu kama 30 hapa Mwanga, Kigoma. Tuna walimu wastaafu, mama wauza vitenge, mafundi na vijana wa bodaboda. Tulianza kama kikundi cha kufa na kuzikana, kisha tukakubaliana tuwe tunatoka pamoja mara moja kwa mwezi, tuujue mji wetu na ziwa letu, historia na sayansi yake. Safari ya kwanza tulijaza haisi mbili, tukaenda stesheni, Ujiji, mwalo wa Katonga wanakoshushia samaki, na ufukweni kwa siku moja. Ya pili walikuja nusu. Ya tatu tulikuwa saba. Sasa wengine wanasema bila Gombe, ile hifadhi ya sokwe, hakuna safari. Wengine wanasema Gombe ni ya wazungu na ni ghali. Baadhi ya kina mama wanaogopa boti. Mwenyekiti anasema watu wetu hawapendi elimu. Tufanyeje? Na hiyo boti ya kukodi kwenda Gombe, tuiogope au tusiiogope?"

Jibu: Ndugu katibu, nianze na kauli ya mwenyekiti, maana mkiiamini mtavunja kikundi bila sababu. Watu 30 walioacha biashara Jumamosi nzima wakatoa nauli yao ili waione stesheni ya reli hawawezi kuwa watu wasiopenda elimu. Kuna kitu kiliwachosha siku ile ya kwanza, na kwa ratiba uliyonieleza naweza kukisema bila kuwauliza.

Watu 30 wakisimama mbele ya mzungumzaji mmoja mahali pa wazi, penye upepo wa ziwa na bodaboda zinazopita, wanaomsikia vizuri ni safu mbili za mbele. Walio nyuma husikia neno hapa na neno pale. Dakika ya tano wanaanza mazungumzo yao, na hapo hata safu ya tatu haisikii tena. Mtu mzima haoni vizuri kusema "sisikii", hasa akiwa mwalimu mstaafu au mama anayeheshimika. Atavumilia, atatabasamu, na mwezi unaofuata atakuwa na udhuru. Katika kazi hii ya kuongoza matembezi ya mafunzo nimeona udhuru mwingi wa namna hiyo, na karibu kila mara asili yake ni kwamba mtu alisimama juani saa nzima bila kupata alichokifuata.

Kisha mliweka vituo vinne. Hesabu muda: kushuka, kusubiriana, wanaokwenda msalani, wanaonunua maji, kupanda tena, kuhesabu watu. Kwa kundi kubwa, kila kituo kinakula nusu saa au zaidi kabla ya lolote kusemwa. Siku yenu kubwa ilikwisha mkiwa kwenye haisi. Wengi hudhani vituo vingi ndiyo thamani ya mchango. Mahali pamoja palipoeleweka ndipo panapomfanya mtu akirudi nyumbani amsimulie mwenzake, na huyo mwenzake ndiye atakayekuja mwezi ujao.

Kwa hiyo gawaneni. Watu 12 hadi 15 kwa mzungumzaji mmoja, na kila kundi na saa yake. Chagueni mahali pamoja kwa siku moja, na mwende na swali moja mnalotaka kulijibu. Hili la swali nalishikilia kuliko mengine yote, kwa sababu ndilo linaloigeuza ziara ya kuangalia vitu kuwa ziara ya kufikiri, na halihitaji darubini wala shahada.

Chukulia Ujiji. Ukiwapeleka watu pale kwenye jiwe la kumbukumbu na kuwaambia kwamba hapa ndipo mwandishi wa habari Stanley alipomkuta mmisionari Livingstone mwaka 1871, watapiga picha, wataangalia miembe inayosemekana ni uzao wa mwembe wa siku ile, na baada ya dakika 20 watauliza chakula kiko wapi. Sasa waulizeni hivi: kama palikuwa ni bandari ya misafara na mitumbwi, ziwa liko wapi? Maana ukisimama pale leo maji yako mbali chini. Hapo ndipo watu wanaanza kutazama mteremko, kukadiria kwa macho, kubishana. Jibu lake ni zuri. Ziwa Tanganyika linapokea maji ya mito mingi, lakini mlango wake wa kutokea ni mmoja tu, mto Lukuga, ng'ambo upande wa Kongo. Katika karne ya 19 mlango huo ulikuwa umezibwa na mchanga na majani, maji yakajaa miaka mingi. Karibu mwaka 1878 yakauvunja ule mzibo, ziwa likaanza kumwagika kuelekea mto Kongo, na likashuka mita kadhaa katika miaka iliyofuata. Livingstone na Stanley walikanyaga Ujiji yenye ziwa lililojaa. Sisi tuna Ujiji ambayo maji yake yalirudi nyuma, ingawa miaka ya karibuni wote tumeyaona yakipanda tena na kuingia kwenye nyumba za watu wa mwambao.

Baada ya hapo tembeeni kwa miguu kutoka kwenye jiwe hadi majini, taratibu, na yule mzee wa Ujiji mtakayekuwa mmemwomba awaonyeshe maji yalifika wapi alipokuwa kijana. Hiyo ni sayansi ya ziwa na historia ya mji kwa mpigo mmoja. Njiani ongezeni jambo ambalo vibao havilisemi vya kutosha: Ujiji haikuwa jukwaa la wazungu wawili. Burton na Speke, wasafiri wa Kiingereza, walipofika Februari 1858 waliukuta mji tayari wenye soko, wenye Waarabu na Waswahili waliotoka pwani kwa njia ya Tabora, wenye pembe za ndovu na, kwa uchungu, wenye watumwa. Na Livingstone alipofariki mwaka 1873, waliobeba mwili wake safari ya miezi mingi hadi Bagamoyo ni Waafrika aliosafiri nao, wakiongozwa na Susi na Chuma. Kina mama wa kikundi chenu watavaa mavazi ya stara, mtaepuka saa za swala ya Ijumaa, na mtaomba ruhusa kabla ya kupiga picha za nyumba za watu.

Mwalo nao si kituo cha kupitia. Nendeni Kibirizi au Katonga alfajiri, mitumbwi inapoingia, na mwende na swali hili: kwa nini dagaa huvuliwa usiku na kwa taa? Wavuvi watawajibu kwa lugha yao, na majibu yao yanaoana na ya watafiti. Ziwa hili ni la pili duniani kwa kina baada ya ziwa Baikal la Urusi, karibu mita 1,470, lakini samaki hawakai humo mote. Maji ya juu yana joto na ni mepesi, ya chini ni baridi na mazito, na hayachanganyiki kikamilifu. Ukishuka kina cha mita 100 hadi 200 hivi, oksijeni imekwisha. Karibu uhai wote wa ziwa unaishi kwenye tabaka la juu, na chakula kingi kinazama gizani kisikofikika. Upepo wa kiangazi unaotoka kusini ndio unaosukuma maji ya juu na kuruhusu virutubisho kupanda, kisha vijimea, kisha vijidudu, kisha dagaa, kisha mgebuka anayewafukuza dagaa. Usiku vijidudu hupanda juu, dagaa huwafuata, na taa huwakusanya. Ndiyo maana siku za mbalamwezi kali wavuvi wengi hupumzika, taa haina nguvu mbele ya mwezi.

Hapo kuna funzo la ratiba yenu. Kabla ya kupanga siku ya kwenda mwaloni, angalieni mwezi. Mkienda siku mbili baada ya mwezi mpevu mtakuta mitumbwi imevutwa nchi kavu na wavuvi wanashona nyavu, jambo ambalo nalo linafaa, lakini silo mlilolitaka. Angalieni pia kama ziwa limefungwa. Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Ulizeni viongozi wa BMU, kikundi cha kulinda rasilimali za uvuvi, wa mwalo mnaokwenda, wao ndio wenyeji wenu pale, na bila wao mtaonekana wapelelezi.

Na msiishie kwa wavuvi. Mwanamke anayeanika dagaa ana elimu nyingi kuliko anavyoulizwa. Mwombeni awaonyeshe dagaa waliokauka mchangani na waliokauka kwenye kichanja, mwaweke viganjani. Wa mchangani wana punje zinazosaga meno, na upande uliolalia ardhi hukauka kwa kuchelewa kwa sababu hewa haipiti. Wa kichanjani wamekauka pande zote, wanang'aa, wanavunjika kwa mlio. Muulizeni mvua ya ghafla humgharimu nini. Kisha nunueni kwake, kila mtu kidogo. Mwenyeji anayewapa saa moja ya asubuhi yake ya biashara anastahili malipo, ama kwa kununua ama kwa posho iliyokubaliwa kabla. Kikundi kisicholipa wenyeji hupata wenyeji mara moja tu.

Baada ya mwalo, andikeni barua TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, wana kituo chao hapa Kigoma, muombe mtafiti mmoja azungumze na kundi. Nenda mwenyewe na barua mkononi na taja idadi, siku, na swali lenu. Barua inayosema "tunaomba kujifunza kuhusu ziwa" hukaa mezani. Inayosema "tumetoka mwaloni, tunataka kujua kwa nini dagaa wamekuwa haba" inapata mtu wa kuijibu.

Stesheni inatosha asubuhi moja, na swali lake ni moja: kwa nini reli iliyofika mwaka 1914 iliishia hapa na si Ujiji iliyokuwa mji mkubwa? Jibu mtalipata mkiutazama mteremko na ghuba: hapa kina cha maji kiko karibu na nchi, na ghuba inakinga meli. Kisa cha meli ya Liemba kinaingia kwenye swali hilohilo, maana ilijengwa Ujerumani, ikaja vipande vipande kwa reli hiyo, ikaunganishwa hapa na kushushwa majini mwaka 1915, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa, na kurudi kazini mwaka 1927. Mawese ni safari nyingine nzuri, hasa kwa wasiotaka maji: kituo cha utafiti wa michikichi cha Kihinga, cha TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo, upande mmoja, na mama anayekamua kwa sufuria na kinu upande wa pili. Uvinza, kwenye chemchemi za maji ya chumvi zilizochemshwa kwa zaidi ya miaka 1,000, ni ya siku nzima, iacheni hadi kikundi kiwe kimeshikamana.

Sasa Gombe. Wanaosema ni ya wazungu hawana haki, ila naelewa wanakolitoa. Ni kweli Jane Goodall alifika pale Julai 1960, na mwaka huohuo akaona sokwe mtu aliyempa jina David Greybeard akichokoa mchwa kichuguuni kwa kijiti, jambo lililowalazimisha wanasayansi kufikiri upya nini hasa kinamtofautisha binadamu. Lakini utafiti unaoendelea hadi leo, baada ya yeye kufariki Oktoba 2025, umebebwa kwa miongo na watu wa vijiji vya jirani wanaoamka alfajiri kuwafuata sokwe milimani, wakiandika nani amekula nini na amelala wapi. Ombeni kuzungumza na mmoja wao. Kwa kundi lenu, saa moja na mtu huyo ina thamani sawa na kumwona sokwe.

Kuhusu gharama, kiingilio cha Mtanzania ni sehemu ndogo tu ya anacholipa mgeni wa nje. Kinachokula fedha ni boti. Boti za abiria zinazotoka Kibirizi kwenda vijiji vya kaskazini ni nafuu, lakini kwa kawaida huondoka mchana na kurudi mjini asubuhi, kwa hiyo mtalazimika kulala. Mkitaka kwenda na kurudi siku moja, mnakodi. Gombe ni takriban kilomita 16 kaskazini mwa mji na haina barabara ya kuingilia.

Muwe wakweli kwa wanachama kuhusu watakachokutana nacho. Sokwe hawafungwi. Siku nyingine mtawaona wakiwa karibu na ufuko, siku nyingine mtapanda mabonde miiba ikiwachana suruali na msikute kitu zaidi ya viota vya jana. Watoto wa chini ya miaka 15 hawaruhusiwi kuingia kwenye msitu wa sokwe. Na mwenye mafua, kikohozi au tumbo la kuendesha abaki nyumbani hata kama ameshalipa. Hili watu huliona dogo. Sokwe wako karibu nasi kimwili kiasi kwamba magonjwa yetu yanawapata, lakini hawana kinga tuliyoizoea. Mafua yako ya siku tatu kwao yanaweza kuwa nimonia. Magonjwa ya njia ya hewa ni miongoni mwa yanayowaua zaidi pale Gombe, na mwaka 1966 ugonjwa wa aina ya polio uliwaacha wengine wamepooza. Kwa hiyo wekeni kwenye kanuni zenu, kabla ya kukusanya hela, kwamba anayeugua anarudishiwa mchango wake. Msipoweka, ataficha.

Kina mama wanaoogopa boti msiwacheke wala msiwabembeleze. Ziwa hili linastahili kuogopwa kwa akili. Lina urefu wa karibu kilomita 670 kutoka kusini hadi kaskazini, kwa hiyo upepo wa kusini una nafasi ndefu ya kuyakuza mawimbi kabla hayajafika Kigoma. Na hapa kuna mtego ambao wageni wa safari hii hawaujui. Mnapokwenda Gombe mnaelekea kaskazini, upepo wa kusini uko mgongoni, mawimbi yanakwenda nanyi, boti inatulia na watu wanaimba. Mnaporudi mnayakabili uso kwa uso, tena alasiri, wakati ambapo mara nyingi upepo umeongezeka kuliko asubuhi. Safari ileile, boti ileile, lakini kurudi ni kitu kingine. Msiipime safari kwa jinsi mlivyokwenda. Ondokeni alfajiri, na mpange kuanza kurudi mapema hata kama sokwe hawajaonekana. Miezi ya mvua ongezeni hofu ya dhoruba za ghafla, zinazokuja na wingu jeusi na hazitoi muda wa kujadiliana.

Kabla ya kulipa boti, nendeni watu watatu mkaione ikiwa majini. Muulizeni mwenye boti cheti cha ukaguzi cha TASAC, shirika linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, na idadi ya abiria aliyoruhusiwa. Hesabuni majaketi ya kuokolea, moja kwa kila mtu na machache ya ziada, na myajaribu kufunga, maana mengi yamekatika mikanda. Jaketi linavaliwa tangu mnaondoka, halikaliwi kama mto. Ulizeni kama kuna injini ya akiba na kama nahodha atafuata mwambao, ili hali ikichafuka muweze kuvuta ufukweni. Mkiona wasiwasi wowote, pitieni ofisi ya TASAC au bandarini muulize ana kwa ana. Na nahodha akisema leo hatuondoki, kubalini palepale bila kumtajia posho ya ziada. Nahodha anayeweza kushawishiwa kwa fedha ni wa kumkimbia.

Kwa hiyo msilazimishe wote. Gombe iwe safari ya wanaotaka, watu 12, baada ya Ujiji na mwalo, na siku hiyohiyo wenzao waende Kihinga. Jumapili inayofuata mkutane kila kundi lisimulie. Mchango wa safari usichanganywe kamwe na mfuko wa kufa na kuzikana. Fungueni daftari lake na mweka hazina wake, na kama hamjasajili kikundi, muoneni afisa maendeleo ya jamii wa kata. Nauli ikikosekana ni aibu ndogo, lakini rambirambi ikikosekana kwa sababu tulikwenda kuona sokwe, kikundi hakitapona.

Mambo mawili ya afya. Maji ya ufukweni yanayotulia, yenye majani na konokono, yanaweza kuwa na kichocho, hasa karibu na makazi. Vijana wakitaka kuogelea wachague penye mawe na maji yanayopiga, waulize wenyeji kuhusu mamba, na atakayeona damu kwenye choo au mkojo wiki kadhaa baadaye aende zahanati apimwe badala ya kununua dawa dukani. La pili ni milima ya Gombe, ambayo ni mikali na joto lake ni zito. Mwenye presha, kisukari, pumu au magoti mabovu amuone daktari wake na kumweleza wazi kwamba anakwenda kupanda mlima saa kadhaa, kabla jina lake halijaandikwa kwenye orodha ya boti.